Kikombe Kabla ya Bei

Muuza kahawa wa Kariakoo hanadi kwa mdomo. Anashika vikombe viwili vya kauri kwa mkono mmoja, anavigonganisha, na mlio ule unatosha. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mageti ya maduka ya Mtaa wa Kongo hayajapandishwa, benchi lake limeshajaa: wenye maduka, mawinga, madereva wa kirikuu, na mzee mmoja au wawili walioachia watoto biashara lakini hawakuachia kahawa. Dele liko juu ya makaa, kashata ziko kwenye sinia. Hapo ndipo utajua dola imeamka na bei gani, kontena la nani limekwama bandarini, na nani kashuka jana usiku kutoka China.

Ila hakuna anayeanzia hapo. Anayefika huwapa wote "Asalaam aleikum", humgeukia mzee na shikamoo yake, huuliza walivyoamka, huuliza wa nyumbani, huuliza habari za mgonjwa aliyelazwa wiki iliyopita. Kikombe humfikia mkononi kabla maswali hayajaisha. Akishapiga mafunda mawili ndipo anapokohoa kidogo na kusema, "Sasa, kuhusu ule mzigo wangu."

Nimekaa kwenye mabenchi ya namna hii miaka mingi, na kuna lalamiko moja nimelisikia mpaka nimelikariri. Hutoka kwa wafanyabiashara wetu waliokwenda ng'ambo kwa mara ya kwanza. "Wale hawana salamu," husema. "Unaingia, mtu anakutazama, anakutajia bei." Wageni wanaokuja kwetu nao wana lao: kwamba tunawachelewesha kwa maneno mengi ambayo hayaendi popote. Naamini malalamiko haya mawili yana mzizi mmoja. Kila mtu anaitafuta salamu pale alipozoea kuikuta, asipoiona anahukumu kwamba haipo. Kwa hiyo nimekuwa nikiwauliza wasafiri wa biashara swali moja: ulipofika, ulipewa nini kabla ya kutajiwa bei? Wengi, wala si kwa kupanga, walinijibu kwa kutaja kikombe.

Nianze na Muscat, kwa kuwa dele letu lilitoka pande hizo, chombo na jina. Mwarabu huliita dalla. Kikombe kidogo kisicho na mkono hukiita finjan, nasi pwani tukakiita finjani. Mwaka 2015 kahawa ya Kiarabu iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, kwa maombi ya pamoja ya Oman, Saudi Arabia, Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu, na katika orodha hiyo imetajwa kuwa ni alama ya ukarimu. Kahawa yenyewe si kama yetu ya benchi. Imekaangwa kidogo, rangi yake inaelekea dhahabu, inanukia iliki, na huja na tende au halua.

Mtu wa Unguja au Dar es Salaam anayeingia sokoni Mutrah anaweza kupatwa na mshtuko wa furaha. Anaomba bei kwa Kiingereza cha kubahatisha, na mzee aliyekaa nyuma ya meza anamjibu kwa Kiswahili cha Mji Mkongwe: "Watoka wapi mwanangu? Unguja? Mjini au shamba?" Historia ya jibu hilo ni ndefu. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, watu wakaoana, wakazaliana, wakafanya biashara ya karafuu kwa vizazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zilivuka bahari, na nyingine zikafuata baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwafungulia mlango. Ndiyo maana leo Kiswahili kinasikika Muscat katika ofisi, msikitini na sokoni.

Lakini furaha hiyo ina mtego ndani yake. Mgeni akisikia Kiswahili hudhani yuko nyumbani, akaanza kupatana bei palepale kama yuko Mtaa wa Kongo. Mzee anatabasamu, anaagiza kahawa. Hapo lugha imebaki ileile, adabu imebadilika.

Mmiminaji hushika dele kwa mkono wa kushoto na vikombe kwa wa kulia. Utapokea kwa kulia, hata kama wewe ni wa mkono wa kushoto tangu kuzaliwa. Ndani ya kikombe utaona kahawa kidogo, chini ya nusu. Hapa ndipo wengi wetu hukosea kuhukumu, maana kwetu ukarimu ni kujaza mpaka kumwagika. Kule kiasi kidogo kina maana ya kwamba mtu atasimama karibu nawe, akuongeze kahawa ikiwa moto, mara ya pili na ya tatu. Katika desturi za kale za Bara Arabu, kikombe kilichojazwa hadi mdomoni kilikuwa ujumbe: kunywa, kisha nenda zako. Ukitosheka, hufuniki kwa kiganja wala husemi "inatosha". Unakitikisa kikombe kidogo, kulia kushoto, na mmiminaji anakichukua. Usipokitikisa ataendelea kumimina, na hatakuwa na kosa. Kukataa kikombe cha kwanza ni kumkataa mwenyeji.

Mama mmoja wa Unguja anayeleta udi na mashungi kutoka huko aliniambia kilichomfungua macho ni kile kinachokuja baada ya vikombe, kuliko vikombe vyenyewe. Waomani, hasa wa miji ya ndani na wa majangwani, wana desturi ya kuulizana kwa mpangilio: kuna ulum? kuna akhbar? Yaani, una habari gani? Na jibu la kwanza, lenye kutarajiwa, ni kwamba hakuna ila heri. Hata kama ngamia amekufa. Hata kama baba yuko hospitali. Ni baada ya jibu hilo la heshima ndipo habari za kweli zinapotolewa polepole, na biashara hufuata nyuma yake.

Nilipomsikiliza nilitambua kwamba alikuwa akinielezea sisi wenyewe. Neno letu habari ni la Kiarabu, ndugu wa hiyo akhbar. Elimu yetu ni ndugu wa hiyo ulum. Na sisi pia hujibu "nzuri" kwanza, kisha ndipo tunaposema "ila". "Salama tu, ila mama hajiwezi." Mgeni wa Ulaya huona huu ni uongo mdogo. Kumbe ni ukumbi wa nyumba: unamkaribisha mtu barazani kabla hujamwonyesha chumba cha mgonjwa. Anayebana salamu zetu ziishe haraka hafiki kwenye "ila", na katika biashara "ila" ndiyo yenye faida: mzigo upo, ila umelowa, pesa ipo, ila si kabla ya mwisho wa mwezi.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa pwani halihitaji kufundishwa huko. Hatauliza "mkeo hajambo?" Atauliza "wa nyumbani hawajambo?", na swali hilo linawabeba wote bila kumtaja mmoja. Watu wa bara wanaokwenda Ghuba wakiwa na desturi ya kutaja kila mtu kwa jina wangefanya vyema kuliazima.

Mkono nao una maneno yake. Wafanyabiashara wanawake ni wengi katika safari hizi, na karibu kila mmoja ana kisa cha kunyoosha mkono Dubai au Muscat na kumwona mwanamume akiweka kiganja chake kifuani, akainamisha kichwa. Wengine walirudi hotelini wamenuna. Mkono ule kifuani ni salamu kamili, na imetolewa kwa heshima kubwa. Kanuni iliyo rahisi kuishi nayo ni kumwacha mwenyeji aanze: akinyoosha mkono, sawa, asiponyoosha, kifua kinatosha. Ulaya jambo hilihili limefika mahakamani na bungeni. Nchini Sweden, mwanamke Mwislamu aliyekuwa akiomba kazi ya ukalimani aliweka mkono kifuani badala ya kumpa mkono mwanamume aliyetaka kumsalimu, na usaili ukaishia hapo. Mwaka 2018 mahakama ya kazi iliamuru alipwe fidia ya kronor 40,000. Mwishoni mwa mwaka huohuo Bunge la Denmark lilipitisha sheria inayomtaka anayepewa uraia ashikane mkono na kiongozi katika hafla. Miezi kumi na tano baadaye dunia nzima ilikuwa inaogopa mikono kwa sababu ya UVIKO-19. Tarehe 3 Machi 2020, Ikulu ya Dar es Salaam, Rais Magufuli na Maalim Seif Sharif Hamad walisalimiana kwa kugusanisha miguu, na picha ile ikazunguka kila simu. Nakumbuka benchini siku zile hofu ilikuwa juu ya vikombe vinavyosuuzwa katika ndoo moja. Watu walianza kuja na vikombe vyao mfukoni. Hawakuacha kuja.

Safari ndefu kuliko zote ni ya Guangzhou. Watu wetu wengi hufikia Xiaobei, mtaa uliowazoea Waafrika, wengi wakilenga Maonyesho ya Canton, yanayofanyika tangu mwaka 1957, mara mbili kila mwaka, msimu wa kuchipua na wa kupukutika majani. Ukumbini kila kitu ni haraka: sampo, bei, idadi ya chini ya oda, skani, nenda. Mtu akiishia ukumbini ataapa kwamba Wachina hawana salamu. Anayealikwa kiwandani, au mezani asubuhi kwa chai na vitafunio vya mvuke kama wafanyavyo Wakantoni, wenyeji wa huko, ataona kitu kingine.

Mezani kule hutajimiminia chai wewe mwenyewe ukaacha vikombe vya wenzako vitupu. Unaanza na wao. Na mwenzako anapokumiminia, akikukuta katikati ya maneno, huna haja ya kukatiza mazungumzo kusema asante: unakunja vidole viwili, unagonga meza taratibu karibu na kikombe chako. Buli likiisha, unaacha mfuniko wake upande, na mhudumu analeta maji ya moto bila kuitwa.

Wakantoni wana hadithi ya kueleza vidole vile. Wanasimulia kwamba Mfalme Qianlong, aliyetawala China katika karne ya 18, alikuwa akisafiri kwa kujificha, amevaa kama mtu wa kawaida. Katika nyumba ya chai akawamiminia watumishi wake. Mtumishi akipewa kitu na mfalme alipaswa kupiga magoti na kugusa ardhi kwa paji la uso. Wangefanya hivyo siri ingevuja. Mmoja wao akakunja vidole, akavipigisha magoti juu ya meza.

Kama hadithi ni ya kweli au ni ya kupendezesha chai, kwangu ni mamoja. Kilichonishika ni kwamba sisi tuna hadithi ileile katika neno moja. Shikamoo, wengi hulieleza kuwa ni ufupi wa nashika miguu yako. Mwili ulikuwa ukiinama hasa. Leo unainama ulimi. Kijana wa Kariakoo anayemwamkia mzee na Mkantoni anayegonga meza wote wanafanya kwa udogo jambo ambalo zamani lilifanywa kwa mwili mzima. Nilipomweleza hivyo mfanyabiashara mmoja wa vipuri ambaye ameshakwenda huko zaidi ya mara kumi, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe miaka yote hii nagonga tu, sijui kwamba nampa mtu shikamoo."

Huyo mwenye vipuri ndiye aliyenifundisha mengi ya meza ya jioni. Mgeni mkuu huketishwa akielekea mlango, na si vizuri kujichagulia kiti kabla hujaonyeshwa. Glasi zinapogonganishwa, wewe mdogo ushushe ukingo wa glasi yako chini ya ile ya mkubwa. Wenye heshima nyingi hushindana kushusha mpaka glasi zinakaribia meza. Kinachonywewa mara nyingi ni baijiu, pombe kali inayotengenezwa hasa kwa mtama, na neno ni ganbei, kausha kikombe. Waislamu wetu wengi waliogopa meza hii hadi wakawa wanakwepa mialiko, wakapoteza oda nzuri kwa kukwepa. Hapana haja. Wachina wenyewe wana msemo wa tangu zamani, yi cha dai jiu, chai badala ya pombe. Ukisimama na kikombe chako cha chai, ukakishika kwa mikono miwili, ukausema msemo huo kwa lafudhi yoyote ile, umeitikia. Linaloumiza ni kubaki umeketi.

Bizinesi kadi hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili, na husomwa kabla ya kuwekwa. Wajapani ndio wakali zaidi kwa hili. Kadi ya mtu kwao ni uso wake, kuitia mfuko wa nyuma wa suruali na kuikalia ni kumkalia mwenyewe. China siku hizi kadi imehamia kwenye WeChat, na adabu imehama nayo: mdogo ndiye huomba kuskani msimbo wa mkubwa. Majina nayo yasome kwa makini. La ukoo linatangulia, kama Xi katika Xi Jinping, kwa hiyo ukimwita mtu kwa neno la mwisho kwenye kadi yake, umemwita kama mama yake amwitavyo.

Na zawadi. Tuna desturi nzuri ya kubeba kitu cha nyumbani, na kitu tunachokipenda ni saa ya ukutani yenye picha ya Kilimanjaro. Usimpe Mchina saa ya ukutani. Kwa Kichina "kutoa saa" kunalingana kwa sauti na maneno ya kumsindikiza mtu wakati wa kufa kwake. Kofia ya kijani nayo, hata ikiwa ni ya Yanga na imetolewa kwa mapenzi yote, iache nyumbani: kule mwanamume avaaye kofia ya kijani ni yule ambaye mkewe ana mwingine. Kahawa ya Kilimanjaro, majani ya chai ya Njombe, korosho za Mtwara, hizo hupokewa vizuri. Zitolewe kwa mikono miwili, na zisipofunguliwa mbele yako usihuzunike.

Istanbul nitapita haraka, ingawa akinamama wa nguo za Laleli na Osmanbey wangenilaumu. Chai huja katika glasi yenye kiuno chembamba, huletwa na kijana wa sinia kabla hujaomba, na muuzaji hatazami saa unapoinywa. Ukitosheka unalaza kijiko juu ya mdomo wa glasi. Ni ule utikisaji wa kikombe wa Muscat, umegeuka kijiko tu.

Kisha kuna mahali ambapo kikombe hakisemi lolote, na hapo ndipo watu wetu hujikwaa vibaya zaidi. Hamburg ni bandari ya kahawa tangu enzi. Maghala yake ya matofali mekundu, Speicherstadt, yalijengwa kwa bidhaa kama hiyo. Kahawa yetu hufika huko ikiwa ndani ya magunia, na mnunuzi huionja kwa kijiko, akiivuta kwa sauti, akaitema. Mtu aliyelelewa katika adabu ya benchi akiona kahawa inatemwa mbele ya mgeni moyo unamwenda mbio. Lakini pale kahawa iko kazini. Salamu imekaa kwenye saa. Mjerumani aliyekupangia saa nne ameshaanza kukusalimu saa nne kasoro dakika tano, kwa kuondoa kila kitu kingine mezani. Ukifika saa nne na robo, umemkuta ameshanyoosha mkono robo saa nzima hewani. Mkono wenyewe ukija utakuwa mfupi na mkavu, macho kwa macho, kwa kila mtu chumbani, kisha mambo yanaanza. Nimekutana na watu wa vyama vya ushirika walioona huo ni ukali. Mimi nauona ni ukarimu wa aina yake: amekupa kile ambacho kwao ni adimu, akakipanga, akakilinda.

Hapo niseme neno kwa wanaopanga miadi kwa ujumbe wa simu. Saa zetu zinahesabiwa tangu jua lichomoze, na programu za kutafsiri huweza kulikosa hilo. Umeandika "saa nne asubuhi", mwenzako akasoma saa 4 za alfajiri, akadhani umekosea, akaweka saa 4 za mchana. Andika 10:00, kwa tarakimu, na utaje ni saa za mji gani. Ni kazi ya sekunde kumi, na kwa mtu wa saa, hiyo ndiyo shikamoo yako.

Nimesema sana juu ya ng'ambo, lakini mpaka ulionifundisha zaidi unapitika kwa miguu. Kituo cha pamoja cha Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, kilizinduliwa Desemba 2018, na watu wa pande zote mbili wanazungumza Kiswahili. Simama dukani upande wa Tanzania usikilize. Mtanzania anasema, "Samahani dada, habari za saa hizi? Naomba sukari kilo mbili." Anaomba, ingawa pesa anayo mkononi. Mkenya anasema, "Nipatie sukari kilo mbili," au "Leta," na amemaliza. Muuzaji wa Arusha huchukia kimyakimya, huona ameamrishwa. Ukivuka, mambo yanageuka. Muuzaji wa Nairobi akisikia "naomba" hujiuliza kama huyu mteja ana pesa au anataka msaada, na Mtanzania akirefusha salamu wenye foleni nyuma yake huanza kuguna.

Wote wawili wana adabu. Kwa Mkenya wa mjini, kutokukupotezea wakati wako na kutokujishusha mbele yako ni heshima kwako na kwake. Ndiyo maana akiingia kikaoni atashika mkono wa kila mtu, tangu mkurugenzi mpaka anayeleta chai, na mkono huo ndio "naomba" yake. Mtanzania kaiweka heshima kwenye kitenzi. Shikamoo nayo inakwama mpakani: Mombasa na Lamu itapokewa, sokoni Gikomba, Nairobi, utatazamwa tu. Nimemwona mzee wa Moshi akisubiri shikamoo ya kijana wa Nairobi aliyekuja kununua vitunguu, kijana akisubiri mkono wa mzee, na vitunguu vikisubiri juani. Lugha moja ilikuwa imewadanganya kwamba hawahitaji mkalimani.

Ukivuka Mutukula kuingia Uganda, mwanamke wa Kiganda anaweza kupiga magoti kumsalimu mkwe au mkubwa, kama wafanyavyo Wahaya upande wetu, na mgeni asiyejua atataka kumwinua. Asimwinue. Amwitikie.

Ningependa tuwe wawazi pia kwa upande wa kudai. Tumewasomesha vijana wetu kuinamia kadi za Wajapani na kuwahi saa za Wajerumani, na ni vyema. Lakini mgeni akija kwetu akipita getini bila kumsalimu mlinzi, akaingia ofisini akafungua kompyuta na kuanza na bei, tunanyamaza, kisha tunamlipiza kwa siri: faili lake linachelewa, simu yake haipokewi, anaambiwa "njoo kesho". Hajui kosa lake. Hatukumwambia. Mlinzi huyo ndiye atakayesema kama bosi yupo au hayupo. Mwambie mgeni wako mapema, kwa upole, kama mzee wa Mutrah angemwonyesha mtu namna ya kutikisa kikombe: hapa kwetu ukianza na "habari za kazi" ukasubiri jibu, umeshafika nusu ya njia. Wachina waliokuwa na maduka Kariakoo walilijua hilo bila kitabu. Walikuamkia "mambo vipi", waliuliza familia, na mteja alikaa.

Wiki iliyopita benchini alikuwapo binti mmoja anayeuza pochi na mikoba, anajiandaa kwa safari yake ya kwanza ya Guangzhou mwezi Oktoba. Viza ameshaomba, mtaji wa kuanzia anao, mwenyeji wa kumpokea amepata. Alikuwa akimhoji mzee aliyekaa pembeni yangu, ambaye ameshatembea huko miaka mingi, juu ya viwanda na ajenti wa mizigo. Mzee akamjibu yote hayo kwa ufupi. Kisha akamwambia aweke mkono juu ya benchi, akunje vidole viwili.

"Ikiwa anayenimiminia ni mdogo kuliko mimi?" binti akauliza.

"Yeyote anayekumiminia, mwanangu."

Akagonga mara moja, kwa aibu kidogo. Mzee akamwambia arudie, taratibu, bila kutazama mkono. Akagonga tena, mara mbili, huku akiendelea kuuliza bei ya kusafirisha kwa meli. Muuza kahawa, aliyekuwa amempa mgongo, akasikia ubao unagongwa, akageuka na dele, akamjazia kikombe.